Uliza Ujibiwe: Harufu ya mvua, jiwe linaloteleza na matope yanayotoa mapovu

Jamani, toleo lililopita niligusia mistari miwili mitatu tu kuhusu bakteria wa tumboni, kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Meseji zimemiminika na nyingi hazihusu magonjwa kabisa, watu wanauliza vijidudu vya udongoni, vya mtoni, vya baharini, na hilo limenifurahisha manake tumezoea kuvitaja pale tu mtu anapoharisha. Zilizofanana nimeziunganisha. Wale mliouliza dawa ya chunusi mnisamehe, hapa si mahali pake.

SWALI: Habari kaka. Nina mtoto wa miaka 6, kila mvua ikianza baada ya ukame anakimbilia mlangoni anavuta pumzi mpaka mwisho, anasema mama ardhi inanukia. Ananiuliza ni nini kinanukia na mimi sina jibu, nisaidie nisiaibike. – Mama Mdadisi

JIBU: Huaibiki dada, hata wataalamu wamelijua hili juzi juzi tu. Anachonusa mwanao ni kazi ya bakteria wa udongoni, hasa kundi linaloitwa Streptomyces. Hawa kukiwa na unyevu wanajitandaza kama nyuzi nyembamba mno, ukiwaona kwenye hadubini utaapa ni ukungu, halafu chakula kikianza kupungua wanainua vinyuzi juu na kuvikata kata kuwa vijimbegu vinavyoweza kuvumilia ukavu muda mrefu. Na ni wakati huo wa kutengeneza vijimbegu ndio wanatoa kitu kinaitwa geosmini, hicho ndicho harufu ya udongo yenyewe. Kinakaa tu humo ardhini kimya mpaka mvua ije. Tone likigonga udongo linabana hewa chini yake, vinatokea vipovu vidogo ambavyo vinapanda ndani ya tone na kupasukia juu kama vya soda, vinarusha hewani chembe chembe zenye ile harufu. Ndio maana mvua ya rasha rasha inanukia kuliko ile ya kumwaga.

Na pua zetu kwa geosmini ni kali ajabu, tunainusa hata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni. Tone moja ukilichanganya kwenye bwawa zima la kuogelea la Olimpiki bado kuna watu wangekunja pua, ndio maana samaki wa maji yaliyotuama mara nyingine ana ladha ya tope hata umsafishe vipi.

Sasa jiandae, kesho atakuuliza bakteria anapata faida gani kunukia. Mwaka 2020 watafiti wa Sweden na Uingereza walitoa jibu zuri sana: harufu ile ni mwaliko. Kuna wadudu wadogo wa udongoni wana kamkia kamekunjwa chini ya tumbo, kakifyatuka wanaruka, na hawa wanaifuata geosmini kwa sababu Streptomyces ni chakula chao. Wakija kula, vijimbegu vinang'ang'ania mwilini na vingine vinapita tumboni vikiwa vizima, vinaenda kuota kwingine. Yaani anajitangaza aliwe ili asafirishwe, kama tunda linavyomwita ndege.

Halafu majirani wasiotakiwa anawapiga kwa sumu, na sumu hizo tumeziiba tukazifanya dawa. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya aina hiyo kufua dafu kwa kifua kikuu, ilitoka kwa bakteria wa kundi hili mwaka 1943, aliyeipata ni Albert Schatz akiwa bado mwanafunzi kwenye maabara ya Selman Waksman huko Marekani. Nobeli ya 1952 akapewa Waksman peke yake, jambo ambalo mimi mpaka leo naona halikukaa sawa, ila hilo usimwambie mtoto.

SWALI: Nilikuwa navuka kijito nikakanyaga jiwe, nikaenda chini mzima mzima na simu mfukoni. Jiwe kwa macho lilikuwa safi tu. Ni nini kile kinachoteleza? – Niliyelowa

JIBU: Pole sana ndugu, na simu nayo pole yake. Siku ukirudi pale (shika kwanza mti) kwangua lile jiwe kwa ukucha. Utatoka na ute wa kahawia kahawia wenye ukijani kwa mbali, mlaini kama yai bichi. Ule ute ndio ulikuangusha, na ndani yake kuna umati.

Inakuwa hivi. Jiwe jipya likitua mtoni, bakteria wachache wanaopitishwa na maji wanaligusa na kunata. Mto unaenda kasi, ukiachia umechukuliwa, kwa hiyo wanaanza kutoa ute wa sukari sukari unaowagandisha palepale. Ute ukishakuwepo wengine wanaona hapa pana pa kushika, wanakuja, wanakuja mwani wenye maganda kama kioo wanaoitwa daiatomu (ile rangi ya kahawia ni yao), wanakuja vijidudu vinavyowinda bakteria, na baada ya wiki chache una utando ambao juu yake kuna oksijeni ya kutosha na chini yake karibu na jiwe hamna kabisa, kwa hiyo anayeishi juu na anayeishi chini ni viumbe wa tabia tofauti kabisa japo kati yao hakuna hata unene wa ukucha.

Na hawakai kama abiria wa basi ambao kila mtu na safari yake. Mwani anatengeneza sukari kwa jua na nyingine inamvuja, bakteria wanaila. Bakteria nao wanampa mwani vitamini B12, manake mwani wengi, karibu nusu ya aina zilizopimwa, hawawezi kuishi bila hiyo vitamini na wanaoweza kuitengeneza ni bakteria na binamu zao tu, hakuna mmea wala mnyama anayeiweza. Mimi nilivyojifunza hili nililiangalia jiwe la mtoni kwa adabu kidogo.

Kitu hicho hicho unacho mdomoni, ule utando unaouhisi kwa ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki. Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft kule Uholanzi aliyekuwa anajichongea lenzi mwenyewe, alijikwangua meno mwaka 1683 akakuta "vijinyama" vinacheza, akaandika barua London kuwaeleza wanasayansi wa Royal Society. Na ubaya wa utando ni kwamba bakteria wakiwa ndani yake dawa inayowaua wakiwa wanaelea inaweza isiwafanye kitu hata ukizidisha zaidi ya mara mia. Ndio maana mswaki unasugua, haupaki dawa tu.

Kuna kitu kimoja zaidi nashindwa kukiacha. Bakteria wanajuaje kwamba sasa tuko wengi, tuanze kujenga? Wanahesabiana kwa harufu, kila mmoja anatoa kemikali kidogo, wakiwa wachache inapotea majini, wakijaa inakolea na wote wanabadilika kwa pamoja. Hili liligunduliwa kwa bakteria wa baharini wanaotoa mwanga, mwaka 1970. Mmoja wao anaishi ndani ya ngisi mdogo wa Hawaii, mdogo kama kidole gumba, anayewafuga kwenye kifuko tumboni. Usiku wakishajaa wanawaka, mwanga unashuka chini kama wa mbalamwezi na ngisi haonekani kivuli kwa anayemtazama kutoka chini. Alfajiri anawatapika karibu wote, zaidi ya asilimia 90, wanaobaki wanazaliana mchana kutwa, jioni taa inawaka tena. Kila siku hivyo hivyo.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi. Mwalimu wetu amesema uhai wote duniani unategemea jua, kaka yangu anasema sio kweli. Nani yuko sahihi? Tumewekeana dau. – Mwanafunzi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Dau mrudishiane, manake wote mna haki kiasi.

Mwaka 1977 wanasayansi walishuka na chombo kinachoitwa Alvin mpaka kwenye sakafu ya bahari karibu na visiwa vya Galápagos, kilomita mbili na nusu kwenda chini, giza totoro, wakitafuta chemchemi za maji moto. Walizikuta, lakini pembeni yake wakakuta pamejaa viumbe, kaa, chaza wakubwa, na minyoo imesimama ndani ya mirija myeupe, mingine mirefu kama mtu na kupita, ina vishungi vyekundu kama midomo iliyopakwa rangi. Mnyoo huo hauna mdomo. Hauna tumbo la kusagia wala njia ya kutolea. Watu wakakuna vichwa, anakula wapi?

Aliyelitegua ni mwanafunzi kama wewe, wa chuo kikuu lakini, Colleen Cavanaugh. Alikuwa amekaa kwenye mhadhara kuhusu minyoo hiyo, mtoa mada akataja kwamba ndani ya mwili wake kuna chembe za salfa, binti akasimama palepale akasema basi lazima ina bakteria ndani. Mwaka 1981 akachapisha ushahidi. Mnyoo unavuta salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, pamoja na oksijeni, damu yake inavipeleka kwa mabilioni ya bakteria walioko ndani, bakteria wanapata nguvu kutoka kwenye salfaidi wanatengeneza chakula, wote wanakula. Kwa hiyo hapo kaka yako ameshinda?

Bado. Ile oksijeni imetoka wapi? Imetoka juu, kwa mimea na mwani wanaotumia jua. Kwa hiyo mwalimu anarudi mchezoni.

Ila kaka yako ana karata moja ya mwisho. Kwenye mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, kilomita 2.8 chini ya ardhi, kwenye maji ya moto kama nyuzi 60 yaliyojificha kwenye nyufa za mwamba, walikuta bakteria ambaye haitaki hata oksijeni. Mionzi ya urani iliyomo kwenye miamba inapasua maji, inatoka haidrojeni, yeye anaila hiyo pamoja na salfeti (chumvi yenye salfa). Taarifa ilitoka mwaka 2008 na kilichoshangaza watu ni kwamba karibu DNA yote iliyopatikana kwenye yale maji ilikuwa ya huyu mmoja tu. Hana jirani. Kote kwingine duniani kijidudu anamtegemea mwenzake kwa hili au lile, huyu ilibidi ajifunze kazi zote mwenyewe, kutengeneza chakula, kunasa naitrojeni, kila kitu, kama mtu anayeishi porini anayejikata nywele na kujishonea viatu.

SWALI: Kijana, nina bustani. Nimeng'oa mimea ya jamii ya kunde nikakuta mizizi ina vinundu vinundu. Jirani ananiambia ni ugonjwa niichome yote. Nichome? – Babu wa Bustani

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Weka kiberiti chini kwanza.

Shika kinundu kimoja kwa vidole ukisukume kwa pembeni. Kikibanduka kirahisi na mzizi ukabaki mzima, huyo ni rafiki. Kama mzizi wenyewe ndio umevimba na uvimbe haubanduki bila kuukata mzizi, hao ni minyoo fundo na jirani yako ana hoja. Sasa kile kilichobanduka kipasue kwa kucha. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi kama nyama, kinafanya kazi. Kikiwa cha kijani au kijivu, kimezeeka au hakijawahi kufanya kitu.

Wekundu ule mzee ni ndugu wa damu yetu kabisa, ni protini inayoshika oksijeni kama ile iliyopo kwenye mishipa yako, na stori yake ni tamu. Hewa tunayovuta asilimia 78 ni naitrojeni lakini mmea hauwezi kuila, imefungwa kwa nguvu mno. Bakteria wanaoitwa rhizobia wanaweza kuifungua, tatizo ni kwamba kifaa chao cha kufungulia kinaharibiwa na oksijeni, na wenyewe wanahitaji oksijeni wapumue. Mmea ukatatua kwa kuwajengea chumba ambamo oksijeni inatolewa kwa kipimo na hiyo protini nyekundu. Mjerumani Hellriegel ndiye aliyetangaza mwaka 1886 kwamba vinundu ndivyo vinavyolisha mimea hii, na mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akawapata bakteria wenyewe.

Na wanavyokaribishana! Mzizi unamwaga kemikali udongoni, rhizobia wa aina yake wakiinusa wanajibu kwa kemikali yao, unywele wa mzizi unajikunja unawakumbatia, wanaingia ndani kwa njia nyembamba iliyoandaliwa. Akijibu kwa lugha nyingine mlango haufunguki. Hata hivyo ndani humo sio mapenzi matupu, wapo wanaoingia wakala sukari ya bure bila kutoa naitrojeni. Majaribio kwenye soya yameonyesha mmea unaweza kukibana oksijeni kinundu kisichozalisha, wavivu waliomo humo wanadumaa. Mimi huwa nasema mmea una hesabu kali kuliko mwenye nyumba.

Ushauri mzee: usimwage mbolea nyingi ya naitrojeni hapo. Mmea ukiipata ya bure unaacha kuwalisha wapangaji na vinundu havitoki. Na ukivuna usiing'oe, kata juu mizizi ibaki ardhini.

SWALI: Kuna bakteria anayeonekana kwa macho bila hadubini? – Fupi Tu

JIBU: Yupo. Anaitwa Thiomargarita magnifica, alitangazwa mwaka 2022, anaishi juu ya majani ya mikoko yaliyozama majini huko Guadeloupe, visiwa vya Karibi. Ni kama uzi mweupe wa sentimita 1 hivi, na seli ni moja tu hiyo, wa kawaida ungepanga 5,000 ndio wafike urefu huo. Anadanganya kidogo lakini, sehemu kubwa ya mwili wake ni mfuko uliojaa maji, uhai wenyewe umebanwa pembezoni.

SWALI: Mnatuambia tuchemshe maji bakteria wafe, halafu nasikia kuna bakteria wanaishi kwenye chemchemi zinazochemka. Tushike lipi? – Naona Mnatuchanganya

JIBU: Shika yote, na maji endelea kuchemsha. Wale wanaokuumiza wamezoea joto la mwili wako, nyuzi 37, ukiwapandisha mpaka 100 protini zao zinaganda kama ute wa yai kikaangoni. Wa chemchemi protini zao zimefungwa kwa nguvu zaidi, na ukimleta kwenye mwili wako atakaa tu ameduwaa kwa baridi. Hawezi kukudhuru.

Aliyefungua macho ya watu ni Thomas Brock, Mmarekani, aliyekuwa anatembea kwenye hifadhi ya Yellowstone huko kwao miaka ya 1960 akashangaa zile rangi. Chemchemi za kule katikati ni bluu, halafu unakuja mduara wa njano, chungwa, kahawia, ukitanuka kwenda nje. Kila rangi ni jamii yake ya vijidudu na kila mduara ni joto lake, ni kama kipima joto kimelazwa chini. Wanaotumia jua wanaishia kama nyuzi 73, zaidi ya hapo hawapo, na ndipo Brock akauliza mbona bado naona vitu vya waridi kwenye maji ya moto kuliko hayo. Mwaka 1966 yeye na mwanafunzi wake Hudson Freeze wakachukua sampuli, wakapata bakteria wakamwita Thermus aquaticus. Kwa miaka mingi wengi waliona ni kitu cha kufurahisha tu. Halafu mwaka 1983 Kary Mullis akabuni PCR, njia ya kunakili DNA kwa kupasha moto na kupooza mara nyingi, tatizo kimeng'enya alichotumia kilikuwa kinakufa kila ukipasha, unaongeza kingine, kinakufa. Kikachukuliwa cha huyu wa chemchemi, hakifi. Vipimo vya korona vilivyotusumbua pua vilitegemea uvumbuzi huo.

Anayeshikilia rekodi ya joto ni binamu yao wa kundi la arkea (vijidudu vinavyofanana na bakteria kwa macho lakini ni ukoo wao tofauti), alitolewa kwenye chemchemi za chini ya Bahari ya Hindi, aliendelea kuzaana kwenye nyuzi 122. Maji hayachemki huko kwa sababu ya mgandamizo. Ila tahadhari, kuna bakteria wa kawaida wanaojifungia kwenye mbegu sugu zinazovumilia kuchemshwa, ndio maana vyombo vya upasuaji havichemshwi kwenye sufuria bali vinawekwa kwenye mashine ya mvuke wa nyuzi 121.

SWALI: Toleo lililopita uliandika bakteria mwilini ni mara kumi ya seli zetu. Nimefundishwa hiyo namba imepitwa na wakati. – Msomaji Mkali

JIBU: Umenikamata. Ile mara kumi ilikuwa makadirio ya zamani yaliyonakiliwa miaka na miaka, na mimi nikanakili kama kasuku. Mwaka 2016 Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo walirudia hesabu wakapata kama trilioni 38 za bakteria kwa trilioni 30 za seli za mtu. Karibu sawa kwa sawa, na kwa kuwa wengi wako kwenye utumbo mpana, ukitoka chooni unaweza ukawa umeongoza kwa muda.

SWALI: Kuna dimbwi la kinamasi, ukichoma fimbo kwenye tope yanatoka mapovu. Wengine wanasema ni pepo. Na je kuna namna mtu asiye na hadubini anaweza kuona hivi vitu vinavyofanya kazi? – Mshika Fimbo

JIBU: Alessandro Volta, yule yule wa betri, alifanya hivyo hivyo mwaka 1776 kwenye Ziwa Maggiore, Italia, alichoma tope akakinga mapovu kwenye chupa, akawasha, ikawaka. Ni methani. Usiige kuwasha.

Nani anaitengeneza ndio utamu ulipo. Chini ya tope hakuna oksijeni, jani likianguka huko hakuna mmoja anayeweza kulimaliza peke yake, linapita mikononi mwa watu. Wa kwanza anakata nyuzi kuwa sukari, mwingine anageuza sukari kuwa tindikali na pombe, mwingine anazivunja hizo anatoa haidrojeni, wa mwisho ambaye ni arkea anachukua haidrojeni na hewa ukaa anatoa methani. Na wa mwisho sio mla makombo tu. Haidrojeni ikijaa yule wa kabla yake anakwama, kazi yake haimlipi tena, kwa hiyo anamhitaji huyo wa mwisho afagie ili yeye aishi. Wamebanana kiasi kwamba kwa miaka mingi maabara zilifuga "kijidudu" kimoja kilichokula pombe na kutoa methani, kikapewa na jina lake, mpaka mwaka 1967 Marvin Bryant na wenzake walipowatenganisha wakakuta ni wawili. Aliyekula pombe alikuwa mmoja, aliyetoa methani mwingine, na ukiwaachanisha yule mla pombe anadumaa.

Kuhusu kuona bila hadubini, ipo njia ya Mrusi Sergei Winogradsky, ya tangu miaka ya 1880. Tafuta chupa ya plastiki inayoonyesha. Chukua tope la kinamasi toa mawe, changanya na karatasi ya gazeti iliyochanwa vipande vidogo sana na kiini cha yai moja (yai linaleta salfa, karatasi ni chakula), jaza robo ya chini. Juu yake tope tupu mpaka robo tatu, halafu maji ya dimbwi hilo hilo, acha nafasi kidogo. Iweke dirishani penye mwanga lakini jua lisiipige moja kwa moja, halafu uwe mvumilivu.

Wiki mbili za kwanza utadhani umeharibu, tope linakuwa jeusi chini na kunanuka. Weusi ni chuma kimekutana na salfaidi, maana yake bakteria wanaotumia salfeti wameanza kazi. Baadaye kama wiki ya sita hivi, kwenye ukuta wa chupa upande wa mwanga, yanaanza madoa ya kijani na juu yake ya zambarau, hao wanatumia jua pamoja na salfaidi ile wanayotoa walioko chini, taka ya ghorofa ya chini ni chakula cha ghorofa ya juu. Juu kabisa kwenye maji mwani wa kijani. Hujapanda hata mmoja wao, wote walikuwa kwenye tope lako wakisubiri pa kukaa.

Mfuniko uweke lakini usiukaze. Chupa yangu ya kwanza niliikaza kwa kuogopa harufu, hewa ikajaa usiku, asubuhi nikakuta mfuniko upo upande wa pili wa chumba na pazia lina madoa ya rangi ambayo mpaka leo mke wangu ananionyesha mgeni akija. Shika kwa glavu, mtoto asiifungue, na siku ya kuimwaga fanyia nje. Zambarau ikitokea piga picha unitumie, ikichelewa sogeza chupa karibu na mwanga kidogo na usiitikise.